Kichochoro Kisicho na Jina Rasmi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Siku ya kihistoria. Nimewasilisha ombi.

Maelezo kwa ajili ya kumbukumbu: ofisi ya mji imeamua kuvipa majina vichochoro vyote vya mtaa wetu hapa Malindi, na kuvitundikia vibao vya chuma, ili gari la wagonjwa lisipotee njia tena. Kichochoro chetu kinastahili jina moja tu. Njia ya Mwalimu Hilal. Marehemu baba alisomesha chuo cha Kurani kwenye baraza ya nyumba hii mpaka sauti ilipomkauka. Nusu ya mji ilijifunza alifu na be papa hapa, juu ya jiwe hili. Mama ana haja moja tu duniani, nayo ni kuliona jina la mumewe limetundikwa njiani kabla macho hayajafumba. Daktari amesema jicho la kulia limekwisha. La kushoto hakuliahidi lolote.

Kikwazo: Mangi. Fundi wa baiskeli, mwenye kibanda pale konani. Madereva wote wa tuktuk hukiita kichochoro chetu "Kwa Mangi". Hata kadhi akija kututembelea atateremshwa Kwa Mangi! Nina hakika amepeleka jina lake ofisini. Nina hakika amekusanya saini. Ushahidi sina.

Basi, sheria. Kifungu cha thelathini na tano cha Katiba: kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nimeomba orodha ya majina yaliyopendekezwa, walioyapendekeza, na kumbukumbu za vikao vyote. Nikishajua, nitapanga. Mangi ataamka siku moja akute mambo yamekwisha.

Mama aliuliza kwa nini nisimuulize Mangi mwenyewe, naye yuko pale nje anaziba tairi. Nilimfafanulia tofauti iliyopo kati ya habari na maneno ya mtu. Akasema haioni.

Macho yake, maskini.

Jumanne, 2 Septemba

Simu kutoka ofisini. Afisa wa habari, binti aitwaye Cynthia Kahonzi, aliniamkia vizuri, akaulizia hali ya Mama, kisha akasema kuwa ombi langu lina pengo. Mahali ninapoishi sikupajaza. Tarishi atalileta jibu wapi?

Nilimkumbusha kwamba kichochoro hakina jina, na kwamba hilo hasa ndilo suala. Akakubali. Akasema watu wa huku kwetu huandika tu "Kwa Mangi", na barua zinafika.

Nilimwambia kalamu yangu haitaandika maneno hayo.

Nikaenda mwenyewe kujaza pengo. Niliandika: "Nyumba yenye mlango wa nakshi, upande wa kibla wa kisima kilichofukiwa, katika kichochoro kisicho na jina rasmi." Maelezo kamili, yasiyoacha shaka. Cynthia aliyasoma mara mbili, akauliza kibla ni upande gani. Nilimwonyesha. Akageuka pamoja na kiti.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Alisema orodha ya majina si siri hata kidogo. Akanyanyua karatasi iliyokuwa mezani, akataka kunisomea. Nilimzuia kwa kiganja. Habari ya mdomo haina muhuri. Zaidi ya hayo, mtu akishakijua anachokiomba, anaomba nini tena? Ombi langu lingekufa palepale mezani! Binti akabaki ameishika karatasi hewani, akaniuliza kama kweli nataka kujua au sitaki.

Mtumishi mwenye adabu. Lakini hakufunzwa mantiki.

Ijumaa, 5 Septemba

Hatari pande zote. Baada ya sala nilikaa kwenye baraza ya kahawa. Sijamaliza kikombe, wazee wameanza: kuna mkutano wa vichochoro wiki ijayo, na majina yaliyopelekwa ni... Niliinuka. Mzee mmoja akanivuta kanzu akisema bado hajafika penye utamu. Nikamwachia kikombe.

Njiani Mangi akaniita kwa sauti ya kusikika hadi sokoni: "Bwana Kifungu! Njoo, nina neno lako!" Jina hilo amenibandika yeye, na sasa hata wauza mahamri wanalitumia. Nilimjibu kwamba neno lake alipeleke ofisini, nami nitaliomba huko kwa utaratibu. Akacheka, akamwambia mteja wake kuwa huyu ndiye mwalimu aliyemfundisha yeye historia shuleni, na ndiyo maana mpaka leo hajui nani alimshinda nani.

Mbona anataka kuniambia? Mtu mwenye siri huificha. Huyu anaikimbiza nyuma yangu. Nimelichunguza suala hili jioni nzima na sikupata upande wa kulishikia.

Jumapili, 7 Septemba

Mbinu mpya. Ombi moja ni mtu mmoja. Maombi mawili ni umma. Nimeandika ombi la pili kwa jina la Mama, Bi Raiya, maneno yaleyale isipokuwa mpangilio wa sentensi, ili yasifanane.

Mama alikataa kutia kidole gumba mpaka asomewe. Nilimsomea. Akauliza ni wapi paliposema kibao. Nilieleza kwamba kibao si kumbukumbu ya serikali, kwa hiyo hakiombeki chini ya sheria hii. Akasema basi sheria hiyo ni ya kazi gani. Akaamuru niongeze kwa maneno yake mwenyewe: "Mimi nataka kibao. Karatasi sitaki, siwezi kuisoma."

Niliongeza. Mwombaji ana haki ya maneno yake. Lakini nilihisi ombi limelegea.

Jumanne, 9 Septemba

Mwambire, mzee wetu wa mtaa, amepita asubuhi kwenye tuktuk na kipaza sauti, akitangaza mkutano kwa sauti ya mtu anayeuza samaki. Nilikuwa nimejiandaa. Pamba masikio yote mawili, na kilemba juu. Sikusikia kitu. Ushindi kamili!

Hasara ndogo: maziwa yalichemka yakamwagika, na Mama aliniita kwa muda gani sijui. Alisema mlango pia uligongwa. Nilipotoka, hapakuwa na mtu.

Alasiri nikaelewa. Mangi alikuja na bahasha. Tarishi wa ofisi, alisema, alizunguka akiuliza kibla cha kisima kilichofukiwa, na kila aliyemuuliza akamwonyesha msikiti. Mwishowe alifika kwangu, akabisha, hakuitikiwa. Akaiacha barua kibandani.

Nilitazama bahasha. Ya serikali, ndiyo. Lakini ilikuwa na alama ya kidole cha grisi penye gundi, na imeletwa na mtu mwenye maslahi yake katika shauri hili. Naipokeaje? Kesho anaweza kusema nimeipokea. Nilimwambia airudishe kwa mtumaji. Mangi akasema, "Mwalimu, hii ni barua, si nge." Akaahidi kunisomea yeye kama naogopa kuishika. Nilifunga mlango. Akaipitisha chini ya mlango. Nikaisukuma nje kwa rula. Akairudisha. Nikaisukuma, mpaka akaondoka nayo.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, anasikiliza. Akauliza kama tumepata paka.

Jumatano, 10 Septemba

Usingizi haukunijia, lakini fikra zilikuja. Tuseme mkutano ufanyike kabla sijajibiwa. Tuseme "Kwa Mangi" ipite. Nitakuwa na haki ya kupata habari za msiba uliokwisha tokea!

Dawa: Notisi ya Tahadhari. Nimeiandika kwa mkono, kurasa mbili, wino mweusi. Inasema kwamba jina lolote litakalopitishwa kwa kichochoro hiki kabla ya ombi langu kujibiwa kwa maandishi lisitekelezwe kwa namna yoyote ile.

Cynthia aliisoma polepole. Akauliza: jina lolote? Lolote. Hata lile ulipendalo, Mwalimu? Nilimjibu kwamba kanuni haichagui majina; ikichagua, si kanuni tena, ni ushabiki. Akashusha pumzi. Akaanza kusema kwamba kesho ndio mkutano, na kwamba angekuwa mimi angekuja tu akae, viti viko vingi. Nilimshukuru kwa ushauri usio na maandishi.

Muhuri ulipogongwa nilisimama kuukagua, maana herufi moja ilikuwa haikutoka. Naye alikuwa anaeleza jambo kuhusu faili, sijui hana faili la aina hii, sijui ataiweka katika faili la nini. Mambo ya ndani ya ofisi. Sikuyafuata.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya mkutano. Kukaa nyumbani ilikuwa hatari, kwani wangeupanga mkutano wenyewe chini ya dirisha langu. Nikaenda Kilifi, makao makuu, kusisitiza ombi langu kwa mkubwa wake Cynthia.

Dada wa mapokezi alisema mkubwa hayupo. Amekwenda Malindi. Nilimuuliza kwa shughuli gani. Mkutano wa vichochoro, akasema, ndiye mgeni rasmi; na akasoma jina la mtaa wetu kwenye daftari lake. Akaniuliza kama ninakotoka hawakunialika. Nilimwambia kuwa nimealikwa na watu wengi mno, na hilo ndilo linalotia shaka.

Hakunielewa. Nilimwachia nakala, nikakaa mpaka ofisi ikafungwa, nikarudi.

Nilipofika kichochoroni, vijana walikuwa wanakusanya viti vya plastiki. Na nani alikuwa katikati yao? Mama! Amevaa buibui lake la sikukuu, ameshika mkono wa Mangi, anacheka kama bi harusi. Niliingiza vidole masikioni, lakini Mama akavichomoa. Ana nguvu bado. Akasema jina la baba yangu limepita. Watu wote wameinua mikono, na wengine wameinua yote miwili.

Nilimuuliza nani alilipendekeza, kwa kuwa mimi sikuwapo.

Mangi.

Mangi? Mangi. Alisimama, alisema Mama, akawaambia watu kwamba alipotoka Gede na pampu moja na karai la maji la kutafutia pancha, hakuna aliyemruhusu kukaa mbele ya nyumba yake isipokuwa Mwalimu Hilal, aliyemwambia, "Kaa hapo konani, kijana, lakini wanafunzi wangu wazibie bure." Akasema jina la Mangi liko mdomoni mwa madereva, halihitaji chuma. Jina la Mwalimu ndilo lililosahaulika. Alilipeleka ofisini tangu mwezi wa nane.

Mama alilia tena akinisimulia. Mimi sikukubali, kwa sababu za kitaalamu. Kwanza, ni habari ya mdomo. Pili, mshindani hampi mshindani wake ushindi. Tatu, hakuna kumbukumbu ya kikao iliyotiwa saini. Nilimsihi Mama asifurahi mapema.

Akaniambia nile chakula kimepoa.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemchunguza Mangi siku mbili kupitia upenyo wa dirisha. Anaziba tairi. Anakunywa soda. Anaziba tairi. Ama ni mtu asiye na hila, ama hila zake ni za kiwango ambacho sijapata kukiona.

Alasiri alileta ngazi na futi kamba. Akauliza kibao kikae kimo gani ili Bi Raiya akisimama barazani kiwe usawa wa jicho lake la kushoto. Alikuwa amepima kimo cha Mama, kumbe, siku ile ya mkutano. Nilimwambia kwamba hakuna kibao kisheria mpaka kumbukumbu zitolewe. Akanitazama. Akasema, "Bwana Kifungu, mamako haoni vizuri, lakini wewe ndiye unayehitaji miwani." Kisha akatia alama ukutani kwa chaki na kwenda zake.

Alama nimeifuta. Ukuta ni mali ya familia.

Baadaye niliirudisha, kwa kukisia. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 22 Septemba

Jibu! Ndani ya muda wa sheria! Na kwa kuwa tarishi alikataa katakata kurudi huku, Cynthia amelileta kwa mkono wake. Amemwamkia Mama, amekunywa chai ya tangawizi, amenikabidhi bahasha safi. Nilisaini. Nilifungua. Nililia kidogo, nikasingizia tangawizi.

Naandika muhtasari. Jina lililopendekezwa: moja tu, Njia ya Mwalimu Hilal. Aliyependekeza: fundi wa baiskeli wa konani. Kura: wote waliohudhuria. Kibao: kimekwisha tengenezwa, kiko stoo. Basi Mama alisema kweli, na sasa ni kweli rasmi.

Lakini ukurasa wa pili! Utundikaji umesimamishwa, kwa kuwa limepokelewa pingamizi moja, kutoka kwa mkazi mmoja wa kichochoro hikihiki. Jina la mpingaji limezuiwa, kwa kulinda faragha yake chini ya sheria.

Msaliti! Miongoni mwetu! Ndani ya kichochoro chenye milango minane!

Nilimtaka Cynthia amtaje. Akasema sheria haimruhusu kumtaja mpingaji kwa mtu yeyote, hata awe nani, hata awe amekaa wapi. Akanitazama muda mrefu juu ya kikombe. Akasema mpingaji mwenyewe akija kuliondoa pingamizi kabla ya Ijumaa, kibao kitatundikwa siku hiyohiyo. "Mwenyewe," akarudia. Akasema labda, Mwalimu, nikijiuliza vizuri... Nikamkatiza. Mimi sikujiuliza. Mimi nimeiuliza serikali.

Akaaga. Mlangoni Mama alimshika mkono, wakanong'onezana, wakatikisa vichwa.

Alipoondoka, Mama akasema, "Mazin, ni wewe." Bila utangulizi. Nilimweleza kwa upole kwamba niliyopeleka mimi ni Tahadhari, na waraka huu unasema Pingamizi. Ni vitu viwili mbalimbali, kama ndoa na posa. Mama akasema kwamba kwa huyo binti viko faili moja. Maneno ya mlangoni! Nilitoka kupunga hewa. Mangi naye, bila kuulizwa: ni wewe. Akacheka mpaka akakalia tairi lililokuwa halijajazwa. Mwambire akapita: ni wewe, Mwalimu, mtaa mzima unajua.

Mtaa mzima unajua. Hapo ndipo penye kasoro ya hoja yao. Sheria imelizuia jina hilo. Kama sheria imelizuia, mtaa haujui. Wanabahatisha. Na wanapobahatisha wote jina moja, mtu mwenye akili hujiuliza nani aliyelitia midomoni mwao.

Nilijaribu kumshuku Mangi, lakini kumbukumbu rasmi zinamtetea. Haya ndiyo matatizo ya kupata habari.

Jumanne, 23 Septemba

Asubuhi nilimkosa Mama kwenye kiti chake. Hofu kubwa! Akarudi kabla ya adhuhuri, kwa tuktuk, na Mangi. Walikwenda stoo. Cynthia aliwafungulia, akakiegemeza kibao dirishani penye mwanga.

Mama alinisimulia akiwa bado amesimama. Rangi ya buluu aliiona. Herufi zilikataa, zilitawanyika machoni pake kama maziwa ndani ya maji. Akazipitia kwa vidole, moja moja, mpaka akafika kwenye jina. Akasema chuma kilikuwa cha baridi na yeye akakitia joto. Kisha akaniuliza, taratibu sana, kama siwezi kwenda pale ofisini nikasema neno moja tu, nimeacha.

Nilirudi chumbani. Nilisoma kifungu kilekile mara nne na sikukielewa, jambo lisilowahi kunitokea.

Kisha akili ikatulia. Mama anaumia, lazima aliyemuumiza apatikane. Nimekwenda ofisini kweli, kama alivyotaka. Nimewasilisha ombi jipya la kupewa jina la mpingaji, kwa hoja kwamba faragha haiwezi kumfunika mtu anayemdhulumu mjane. Na kwa kuwa msaliti huyo anaweza kuhamaki akafanya lolote kabla sijajibiwa, nimeambatisha Tahadhari ya pili, pana kuliko ya kwanza: hatua yoyote isichukuliwe kuhusu kibao hicho, na mtu yeyote, kwa sababu yoyote, mpaka jina la mpingaji lijulikane. Cynthia aliinamisha paji la uso mezani. Kazi nyingi, binti wa watu.

Jioni nilimpasha Mama habari njema. Nilimwambia alale bila wasiwasi, kwamba nimekilinda kibao cha Baba kwa sheria, na sasa hakuna awezaye kukigusa.

Ameuelekeza uso ukutani, anajifuta macho kwa kanga. Furaha, nadhani.